Bodi ya Urbano

Kama hujawahi kunawa uso Sumbawanga alfajiri ya mwezi wa sita, tafadhali usinisimulie habari za baridi. Watu huvaa makoti mawili kwenda duka la jirani, na wageni wa kutoka Dar hulala na soksi. Mtu mmoja tu mjini aliyekuwa akiisubiri baridi hiyo kwa hamu alikuwa Teodori, fundi kompyuta, miaka ishirini na sita, mwembamba, mbishi kupita kiasi.

Teodori alikuwa na ugonjwa wa kukimbiza kompyuta. Unaichukua prosesa, ule ubongo wa mashine, unailazimisha ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko iliyopangiwa kiwandani. Inachemka. Ikizidi inazima, au inaungua kabisa ukabaki unanusa moshi. Wenzake wa Dar na Nairobi walishindana mtandaoni kwa mifuko ya barafu. Yeye alikuwa na dirisha linalotazama Milima ya Mbizi, na upepo wa bure. Mashindano ya mwaka huu yalikuwa yafungwe Jumamosi saa sita mchana, na yeye alitaka kitu kimoja tu: jina lake, Teodori, liandikwe pale juu.

Msimcheke. Miaka sita aliitwa "kijana wa Urbano". Urbano ndiye aliyemfundisha kazi, na mteja akija alikuwa anauliza, "Urbano yupo? Hayupo? Basi niitie kijana wake." Urbano alipofariki mwezi wa nne, ghafla, kichwa kikilalia meza yake ya kazi nyumbani, watu wakaanza kusema "kijana wa marehemu". Hiyo ilimuuma zaidi.

Prosesa nzuri alikuwa nayo. Alichokosa ni mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu na kugawa umeme, na hapo ndipo penye kazi, maana prosesa kali kwenye bodi dhaifu ni kufunga maksai kwenye nira iliyooza. Rafiki yake Meshack alimtumia picha ya bodi mpya kutoka Dar, inawaka taa za rangi zote. Teodori akahesabu vipitishio vya umeme kuizunguka prosesa: sita, tena vyembamba, na bati la kupozea jepesi kama kopo la nyanya. "Hii ni ya kwenda nayo harusini," akamjibu. Bodi aliyoitaka aliijua siku nyingi. Ina vipitishio kumi na sita na bati zito la kujaza kiganja, na ilikuwa juu ya meza ya Urbano, chini ya shuka jeupe.

Sasa, kwa kina Urbano kuna utaratibu, na kila jirani anaujua. Vyombo vya marehemu havishikwi mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo ukoo unakaa, vinagawiwa kimoja kimoja. Anayenyanyua kitu kabla ya hapo, kwa mkono wake, amekubali kurithi jina la marehemu. Teodori aliujua vizuri sana. Lakini akajiambia utaratibu huo ni wa majembe, haukuwekwa kwa ajili ya vitu vya umeme. Tena yeye si wa ukoo. Tena anabadilishana, haibi. Mtu akikupa sababu tatu kwa jambo moja, hata ya kwanza mwenyewe haiamini. Yeye alijipa zote tatu akalala usingizi.

Jumanne alimpelekea Basil, mdogo wake Urbano, simu nzuri aliyoifufua mwenyewe. Basil akaipokea, akafungua mlango wa chumba, kisha akageukia ukutani.

"Chukua mwenyewe," alisema.

"Si unipe tu, mshikaji?"

"Mimi? Thubutu! Mkono wangu hauingii humo."

Teodori akacheka, akafunua shuka, akainyanyua bodi.

Jumatano akaifunga dukani kwake, karibu na dirisha. Alipofungua ukurasa wa mipangilio akakuta mpangilio mmoja wa kasi umehifadhiwa kwa jina la URBANO. Hilo halikumshtua, bodi nyingi hutunza mipangilio ya mwenyewe. Akaufuta. Akatoa betri, akaipakia bodi programu yake upya kama ilivyotoka kiwandani, akawasha. URBANO. Alifuta mara nne, ukarudi mara nne. Basi kwa hasira akaamua kuutumia. Kasi ya mashine ikapanda mpaka gigahezi tano na nusu, ikatulia tuli. Akaligusa bati la kupozea akitegemea kuungua vidole. Lilikuwa baridi, baridi yenye unyevu, kama udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi.

Alhamisi mama mmoja aliingia dukani akitweta.

"Urbano, simu yangu tayari?"

"Bado mama, rudi saa tisa," akajibu bila kuinua kichwa.

Yule mama akafanya ishara ya msalaba, akatoka hata kuaga hakuaga. Teodori akatazama mikono yake. Bisibisi ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Yeye hatumii kushoto. Urbano ndiye aliyekuwa mashoto. Akaihamishia kulia, na skrubu zikawa zinamponyoka kama aliyeanza kazi jana.

Ijumaa mchana akaja Epifania, Mama Urbano mwenyewe, amejifunika kitenge mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakukaa. Alikuwa anaitazama bodi. "Hicho hukupewa. Umejichukulia."

"Ni kuazima tu, mama. Kesho mchana nairudisha."

"Kesho saa nne tunaanua matanga. Mchana itakuwa imeshakuwa yako." Akaushika ukingo wa meza. "Nisikilize, mwanangu. Ukinipa sasa hivi, nairudisha chini ya shuka, nanyamaza. Ukikaa nayo, kesho tutaita jina na wewe utaitika. Na mimi nitafurahi. Unanielewa? Namtaka mwanangu usiku na mchana. Nitafurahi, na itakuwa dhambi. Usinitie majaribuni, nakuomba."

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Teodori aliogopa, aliogopa kweli, akanyoosha mkono achomoe waya. Kisha macho yakaenda kwenye skrini. Tano nukta saba. Hata barafu za Nairobi zilikuwa hazijafika hapo. Mkono ukarudi wenyewe.

"Kesho, mama," akasema.

"Haya," akasema Epifania, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito, hata ng'ambo ya barabara huoni. Teodori akafungua dirisha lote, akakaa na koti lake, akaanza. Saa tatu, tano nukta saba. Saa nne kasoro, tano nukta nane. Ilipotimia saa nne feni ikasimama. Feni ikisimama prosesa huzima kufumba na kufumbua, kila fundi anajua. Hii haikuzima. Namba zikaendelea kupanda polepole mpaka sita, na chumba kikawa kimya, anasikia pumzi yake mwenyewe. Nyumbani kwa marehemu palikuwa mtaa wa pili tu. Kutoka huko, ndani ya ukungu, watu wakaita kwa pamoja, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Naam," alisema Teodori, na hakujua anamwitikia nani.

Akajaza fomu ya mashindano. Jina akaliandika herufi moja moja, Teodori, akalikagua, akatuma. Ukurasa ukazunguka, ukafunguka. Wa kwanza Afrika Mashariki yote: Urbano, Sumbawanga. Akausoma mara mbili. Lililo baya, jamani, ni kwamba hakuona kosa. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyeachwa na homa.

Simu ikaita. Alikuwa Rosina, mama yake mzazi, kutoka Laela, ambako alikuwa amekaa na simu mapajani tangu asubuhi akingoja matokeo.

"Teodori, baba, vipi? Jina lako limetoka?"

"Shikamoo, mama," akajibu kwa adabu. "Nadhani umekosea namba."

Rosina akacheka. "Acha utani wako, wewe!"

"Hapana, mama. Teodori alikuwa kijana wangu hapa dukani."

Kicheko kikakatika. "Yuko wapi?" akauliza, sauti imeshabadilika. "Mwanangu yuko wapi?"

Akafikiri. Alitamani kumsaidia, maana alisikika mtu mwema, lakini kila alipojaribu kuikumbuka sura ya yule kijana hakuipata.

"Sijui, mama," akasema. "Pole sana."

Akakata simu, akafunga duka, akaenda nyumbani kwa mama yake, Epifania.