Wanaoshika Lori Konani

Asubuhi hiyo ya mvua dereva alikuwa amelala chali kwenye matope ya gereji, chini ya lori, akitazama breki zilizolika zikabaki chuma kitupu. Wenzake walimwita Taratibu, jina la kejeli ambalo yeye mwenyewe alilicheka kuliko wote. "Mimi nimeshindwa kumzuia mbuzi wangu asile sabuni," alisema akijifuta mgongo, "leo nizuie tani thelathini?" Akapakia saruji, akaondoka.

Kwenye mteremko wa msituni, pale barabara inapojikunja na kuteleza kama mlenda, breki zilikataa. Wafu wakatoka mtaroni kama kawaida yao, wote madereva waliofia kwenye kona hiyo, wakaegemeza mabega kwenye bampa na kulishika lori. Walikuwa pekupeku. Mbele yao alikuwa kaka yake Taratibu, aliyekufa msimu uliopita na lori hilohilo.

"Breki mlibadilisha lini?" kaka aliuliza, akihema.

"Tangu ufe, bado."

"Na wewe ukakubali kuliendesha?"

"Bosi alisema zinatosha. Si unanijua? Kwa 'sawa bosi' mimi sina mpinzani."

"Unaye. Mimi ndiye niliyeanza." Wakacheka wote wawili. Kisha kaka akaacha kucheka. "Mdogo wangu, tumechoka. Iko siku tutateleza. Mwambie bosi atie breki mpya."

Taratibu aliogopa, tena sana. Mwanawe ndiyo kwanza alikuwa anaota meno.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, hata chai akamkaribisha.

"Wanateleza? Pekupeku, kwenye mvua hii? Jamani, hapana." Siku hiyohiyo akaagiza mabuti ya mpira, jozi za kutosha.

"Na breki, bosi?"

"Breki za nini, na watu wa kushika wapo?"

Maneno Taratibu alikuwa nayo, makali, ameyapanga njia nzima. Yalipofika mdomoni yakatoka "Sawa, bosi." Alijitukana mpaka getini.

Mvua iliyofuata wafu walililaki lori palepale, wakalisimamisha, wakajaribu mabuti wakishukuru. Yaliwakaa vizuri. Jozi moja ikabaki.

"Hiyo saizi yangu," alisema Taratibu.

"Najua," alijibu kaka yake. Akayapangusa matope yale mabuti, akayaweka chini ya jiwe, mahali pakavu. "Tunakutunzia."

Kisha wakaliachia lori.