Dalili ya Tano

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa maji. Jumatatu asubuhi, wasichana wakiwa darasani, alimwaga ndoo ya sabuni kwenye sakafu ya bweni kama alivyoimwaga kwa miaka miwili, akasubiri yateremke mlangoni ayasukume nje kwa fagio. Maji hayakwenda mlangoni. Yalisita katikati ya chumba kama mgeni aliyesahau nyumba, kisha yakageuka taratibu, yakaelekea ukuta wa nyuma, ule uliopakana na mlima.

Alidhani amekosea. Akachota ndoo nyingine. Yakaenda kule kule.

Wanafunzi walimwita Kimya. Hakuwa bubu, maneno yake tu yalikuwa machache, na yote yalikuwa ya kazi: "Nipishe." "Samahani." "Pameloa hapo." Shule aliiacha darasa la tano, mama yao alipougua na akatakiwa mtu wa kumgeuza kitandani. Aliyebaki shuleni ni mdogo wake, na mdogo wake sasa alikuwa kidato cha nne hapa hapa, katika bweni hili hili, kitanda cha mwisho kwenye ukuta wa nyuma.

Hakuna aliyejua. Siku Kimya alipoanza kazi, mdogo wake alimvuta nyuma ya jiko la shule, macho kwenye viatu. "Dada, nisamehe. Hapa shuleni usinijue."

"Sawa," alijibu.

Tangu siku ile walipishana kwenye korido kama watu waliokutana stendi. Kilichobaki kati yao kilikuwa sindano. Sweta la mdogo wake lilipotoboka kiwiko, Kimya alilitoa kwenye kamba ya nguo, akalishona kwa uzi mweupe kwa kuwa wa bluu ulikuwa umekwisha, akalirudisha kambani. Kesho yake aliliona limevaliwa. Hawakulizungumzia.

Jumanne alimkuta fundi seremala amepiga magoti mlangoni pa bweni, anapiga randa.

"Tena, fundi?"

"Tena, dada yangu. Mara ya tatu mwezi huu. Mvua inavimbisha mbao." Alipuliza vumbi kwenye randa. "Nikiuranda mara moja zaidi, huu utakuwa mlango wa kabati. Hebu zoa hayo maranda, nisije nikaambiwa nimewachafulia."

Alizoa. Chini ya maranda, kizingiti kilikuwa na ufa uliozibwa kwa saruji mpya. Saruji yenyewe ilikuwa imeshapasuka katikati, nyembamba kama unywele.

Kila mtu pale alikuwa na kipande chake cha kazi. Mwashi aliziba, seremala akaranda, mlinzi akaisimamisha nguzo ya kamba ya nguo kila ilipolala, akaishindilia mawe. Kimya akadeki. Wageni walipokuja waliisifu shule kwa unadhifu.

Ilikuwa wiki ya marudio. Mtihani wa mwisho ulikuwa unaanza Jumatatu. Jumatano, Kimya akipangusa madirisha ya korido, alimsikia mwalimu wa jiografia akinguruma. Wanafunzi walimwita Ramani, kwa ajili ya mishipa iliyochora mito kwenye kipara chake.

"Swali la maporomoko ya ardhi haliachi kuja! Ukiandika 'mvua ilinyesha, udongo ukaanguka', unapewa alama ya huruma. Toa mfano halisi! Wapi, lini, kwa nini, dalili zipi, watu wangapi. Tukio moja, ulijue kama unavyolijua kovu lako."

Tukio lao lilikuwa la kijiji cha mbali chenye jina refu, kilichofunikwa na mlima asubuhi moja kabla mtoto wa kidato cha nne hata mmoja hajazaliwa. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi za kukikariri.

"Dalili ya kwanza?"

"Nyufa ardhini na kutani!"

"Ya pili?"

"Milango na madirisha kukwama!"

"Ya tatu?"

"Miti na nguzo kuinama!"

"Ya nne?"

"Maji ya chemchemi kugeuka tope!"

"Ya tano?"

Hapo wimbo ulikatika. Kisha sauti moja, ambayo Kimya angeijua hata usingizini, ikasema, "Sauti chini ya ardhi. Mizizi ikikatika."

"Safi kabisa, binti. Nipe mfano wa dalili ya pili."

Mdogo wake alisimama. "Mlango wa bweni letu, mwalimu. Unakwama kila wiki."

Darasa liliangua kicheko. "Unakwama kwa uzito wa sanduku lako!" alidakia mmoja.

Ramani naye alicheka, bila ubaya. "Bweni letu halimo kwenye kitabu. Msahihishaji yuko huko aliko, bweni letu atalijulia wapi? Anakuchorea mkasi wa kosa, unabaki unalia. Kijiji kinaitwaje?"

Mdogo wake alitaja jina refu, lote, bila kukwama.

"Hizo ndizo alama mbili. Kaa."

Alikaa, akatoa kifutio, akafuta kitu kwenye kadi yake.

Darasa lilipotoka, Kimya aliingia kufuta ubao. Hiyo nayo ilikuwa siri yake: kila alasiri alisoma kwanza, kidole kikifuata mstari, midomo ikitikisika, ndipo akafuta. Darasa la tano walimcheka aliposoma kwa sauti, na tangu hapo hakusoma tena mbele ya mtu. Leo alisoma orodha ya dalili pole pole. Kizingiti: kidole kimoja. Mlango: cha pili. Nguzo ya kamba: cha tatu. Mtaro wa nyuma, uliokuwa ukitiririka rangi ya kutu ingawa mvua haikunyesha tangu Jumapili: cha nne.

Kidole gumba kikabaki peke yake.

Aliinua kitambaa, akakishusha. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, aliuacha ubao bila kuufuta.

"Kimya!" Ramani aliita asubuhi ya Alhamisi, darasa zima limeketi. "Umegoma? Mbona maandishi ya jana yananitazama?"

Alisimama mlangoni na ndoo yake. Akatazama ubao, si watu, akaanza kusoma.

"Nyufa... ardhini na kutani. Ipo. Kizingitini kwa wasichana."

"Kumbe anasema!" mtu alinong'ona.

"Kumbe anasoma!"

"Milango kukwama. Ipo. Fundi karanda mara tatu." Macho yakashuka mstari uliofuata. "Nguzo kuinama. Ipo. Maji kugeuka tope. Yapo, mtaroni. Na nikideki, mwalimu, maji yanapanda nyuma, mlimani. Zamani yalikuja mlangoni."

Kicheko kilianza, kikakosa wa kukipokea. Ramani alijipapasa kipara.

"Haya," alisema mwishowe. "Leo marudio ya miguu. Twendeni tukaone hayo maji ya Bi Kimya."

Walikwenda wakitaniana, wamefurahi kuachana na madawati. Fundi alikuwa mlangoni na randa yake. Ilimbidi auegemee mlango kwa bega ndipo ukafunguka. Kimya alimwaga ndoo katikati ya chumba.

Maji yalisita, yakageuka. Yakapita chini ya vitanda, yakaufikia ukuta wa nyuma chini ya kitanda cha mwisho. Hayakufanya dimbwi. Yaliingia. Kwa muda mrefu waliyasikia yakianguka huko chini, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na mahali.

Fundi aliiweka randa sakafuni kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

"Nje," alisema Ramani. Hakunguruma. "Wote. Uwanjani, upande wa geti. Mtu asichukue kitu. Hata kiatu."

Walitoka wakisukumana. Wachache bado walicheka, kwa sauti za juu kupita kiasi. Uwanjani Ramani alianza kuwahesabu kwa kidole, akachanganya, akaanza upya. Kimya hakuhesabu. Alitafuta kiwiko kimoja chenye uzi mweupe. Alikitafuta safu ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Hakikuwapo.

Kadi. Mdogo wake alizilaza chini ya godoro kila siku; Kimya ndiye aliyekuwa akilitandika.

Alipofika bwenini, mlango ulikuwa umejifunga. Fundi alikimbia nyuma yake, wakauvuta wote wawili, ukaachia upana wa mkono, ukagoma. Ndani, mdogo wake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mwisho, akiokota kadi moja moja kwenye sakafu iliyolowa.

"Binti, toka!" fundi alipiga kelele. "We mwanafunzi! Unasikia?"

Hakugeuka. Alikuwa ametulia ghafla, kadi mkononi, akiusikiliza ukuta. Nao wakausikia: kitu kama kitambaa kizito kikichanwa pole pole, na mtu asiye na haraka. Darasa zima lilikuwa limeshawafuata nyuma. Hakuna aliyehitaji kuulizwa ile ilikuwa dalili ya ngapi.

Kimya alipenyeza mkono wake kwenye uwazi, mpaka begani, vidole vimekunjuliwa.

"Mdogo wangu," aliita, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mdogo wangu, ni mimi dada yako. Njoo."