Breki za Shemeji

Mimi na mume wangu tunafanya kazi chini ya bati moja. Upande wa kulia ni gereji yake, kushoto ni duka langu la spea, katikati kuna kaunta ambayo kila mtu anadai ni yake. Yeye anafungua pikipiki, mimi nauza kilichovunjika. Tumeishi hivyo tangu mtoto wetu wa kwanza anatambaa, na sikuwa na ugomvi na mtu, mpaka shemeji aliporudi likizo na pikipiki yake ndani ya kreti la mbao, imefunikwa shuka kama bibi harusi.

Shemeji ni kaka yake mume wangu, na ni fundi kama yeye, ila anafanya kazi nchi ya mbali. Safari hii alikuja na neno moja tu: mdogo wake amfuate. Nafasi ipo, karakana ni kubwa, wakubwa wameshakubali. Mume wangu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na mimi nikafunga mdomo. Nilikuwa sitaki aende, sitaki kabisa, usiku nilikuwa nageuka kitandani kwa kuliwaza hilo. Lakini mimi simbembelezi mtu. Nikawa nagonga masufuria tu, mwenye masikio na asikie.

Kilicholeta balaa ni kwamba mume wangu naye ana pikipiki hiyo hiyo. Jina lile lile ubavuni, injini ya cc mia mbili na hamsini, umbo lile lile la mashindano linalowafanya wanaume wazima wainamie tangi kama wanatafuta sarafu iliyodondoka. Tofauti ni kwamba ya kwetu ilitengenezwa iuzwe huku, na ya shemeji iuzwe kule.

"Nyinyi mnapewa makombo," shemeji akasema, amejishika kiuno mbele ya wateja. "Jina mnalo, pikipiki hamna."

"Thubutu! Ya kwako wameiziba pumzi. Inakohoa kama mzee."

"Tushindane basi."

"Tushindane. Ukinishinda, nafunga mizigo nakufuata. Nikikushinda, habari za kule usinitajie tena mpaka tunazikana."

Mama yao alikuwepo, wateja walikuwepo, mimi nilikuwepo na boksi la plagi mkononi. Yaani ndoa yangu iwekwe juu ya magurudumu mawili! Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nikamgeukia mteja, nikamuuliza anataka plagi ya aina gani.

Sasa, hawa ndugu wana tabia waliyorithi kwa marehemu baba yao, aliyekuwa fundi pia: hawaamini mashine ambayo hawajaifungua. Kwa hiyo kabla ya kushindana, Jumamosi asubuhi walitandika turubai mbili sakafuni na kuanza kuzivua pikipiki zote mbili, kifaa hiki huku, mwenzake kule, wakilinganisha na kubishana kama wauza mitumba.

Kila mmoja alipata lake la kucheka. Bomba la kuingiza hewa la pikipiki ya shemeji lilikuwa jembamba, kwa sababu kule kelele ni kosa, hivyo kiwanda kimeinyima pumzi. La kwetu ni pana, hewa inaingia itakavyo. Mume wangu alilipuliza kwa mdomo kama tarumbeta. Tulipofika kwenye pedi za breki, ikawa zamu ya shemeji kuvimba kichwa. Pedi za kule ni laini, zinauma mara moja. Za huku ni ngumu, zinadumu sana, lakini kusimama zinasimama zikipenda.

"Na hiki je?" mume wangu akauliza, anagonga kishikio cha abiria nyuma ya kiti chake. "Ya kwako ina kiti kimoja. Ukitaka kumpakia mtu?"

"Nimpakie nani?" shemeji akasema. Hakucheka, na mimi nikamwangalia.

Tulipoingia ndani kula, mama mkwe akapita gerejini. Mama huyu hawezi kuona kitu kichafu sakafuni. Tuliporudi tulimkuta kwenye kigoda, beseni la mafuta ya taa mbele yake, vifaa vyote vidogo vya pikipiki zote mbili vimeoshwa, pedi za breki zimefutwa kwa tambara kavu, na vyote vimepangwa juu ya turubai moja.

"Mama! Umechanganya!" wote wawili wakapiga kelele kwa pamoja.

"Nimechanganya nini? Nguo zenu nilifua beseni moja miaka yote, na kila mtu aliijua suruali yake." Akainuka, akajifuta mikono. "Asante yenyewe hakuna."

Halafu wakanigeukia mimi, maana kila kifaa kina namba iliyochongwa, na namba ni kazi yangu.

"Mama watoto, tutengenezee," mume wangu akasema. "Cha huku huku, cha kule kule."

Nikachuchumaa nikatenga. Bomba pana, kwake. Bomba jembamba, kwa shemeji. Skrubu, springi, vifuniko, vyote kwa haki. Mwisho nikabaki na pedi za breki za mbele viganjani, laini mkono huu, ngumu mkono huu. Bila kusoma namba, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nikawaza bomba pana na pedi laini kwenye pikipiki moja. Hakuna wa kuishinda. Nikampa mume wangu za kule, nikampa shemeji za huku.

Jumapili pikipiki zilipakiwa kwenye pikapu, kwa sababu ya shemeji haikuwa na usajili wa huku, zikapelekwa kwenye uwanja wa lami nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Pipa likawekwa mwisho kabisa. Kwenda, kulizunguka pipa, kurudi. Mama mkwe ndiye aliyeangusha kitambaa.

Mume wangu alitangulia kidogo tangu mwanzo. Shemeji hakuwa na wasiwasi, alijua atamkamata kwenye pipa, kwa breki zake. Mume wangu akapunguza mapema kama alivyozoea, pikipiki ikakaba kuliko alivyotegemea, nikaona mgongo wake unashtuka. Shemeji akachelewa kubana, naye kama alivyozoea. Alipobana, pikipiki ikaendelea na safari yake. Ikapita pipa, ikapita mwisho wa lami, ikaingia kwenye majani marefu na kupotea.

Toba! Nilipiga ukelele nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Sikuwa nawaza mshindi. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama huyu kama mwanawe hatainuka.

Aliinuka. Goti limechubuka, kofia ngumu imejaa majani. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndio uliomsaliti.

"Leo zimenikataa," akasema. Kisha akampa mdogo wake mkono. "Umeshinda. Sitakutajia tena."

Alilisema vizuri, kiume, lakini midomo ilimcheza. Nilichokuwa nakitaka nimekipata, nami nikageuka kwenda kutafuta kiatu changu.

Tuliporudi, mama mkwe alimchukua shemeji ndani kumsafisha goti. Mume wangu akabaki gerejini ananawa mikono kwa sabuni ya unga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilijua nilipofika kwenye pipa," akasema bila kugeuka. "Breki zile si zangu."

Nikaokota boksi la plagi, nikalirudisha kwenye rafu.

"Ungeweza kumuua kaka yangu."

"Najua."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Hujui kwa nini?"

"Sijui. Tangu kaka afike unanigongea masufuria. Nimekaa nasubiri mtu wa nyumba hii aniambie nibaki, hata neno moja. Nikasema pengine hata hanihitaji, ana duka lake. Ndiyo maana nikaiachia pikipiki iamue."

Mwanamke mzima, kaunta yangu mwenyewe, najibizana na wateja kutwa nzima, na neno moja likanishinda kutoka. Nikashika ukingo wa ile kaunta.

"Usiende," nikasema. "Sitaki uende. Nakuomba."

Akafunga bomba la maji. Akaokota spana mbili, moja akanipa mimi.

"Twende tukamrudishie pedi zake. Na utamwambia mwenyewe ulichofanya, mbele ya mama."

"Nitamwambia. Lakini atataka mrudie mashindano."

"Tutarudia."

"Na bila hizo pedi atakushinda."

"Atanishinda," akasema, ameshapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. "Nishikie hapa. Atanishinda, na mimi nitabaki."