Mtumaji wa Kuaminika

Mwanangu alikuwa kimya tangu tumzike mama yake, na wa kulaumiwa niliwajua: wakubwa wa kazini. Siku ya mazishi tulirushiana maneno, mimi na binti yangu huyo, tukakubaliana kwamba hasira zikipoa ataandika, maana kwenye simu tungegombana tena. Nikampa anwani ya barua pepe ya stoo ninakofanya kazi, sina nyingine. Halafu wakubwa wakaleta mtambo wa kuchuja barua pepe.

Kwetu kazini, ukitaka barua za mtu wa nje ziruhusiwe kupita, unaomba kwenye kikao cha Jumatatu. Fundi wa kompyuta anarusha orodha ya mtambo ukutani kwa projekta, wote mnaona, meneja anaamua. Nilisimama nikawaambia hawana utu. Mtu kafiwa na mke, kabaki na mtoto mmoja aliyeolewa mbali, na huyo naye mnamfungia nje kama mwizi. Meneja aliniomba radhi mbele ya watu. Nikageuza uso.

Fundi akaandika anwani niliyoipata kwa shangazi wa binti yangu. Orodha ikatokea ukutani, akaisoma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mtambo haujamzuia huyu. Aliyemzuia ni wewe."

Watu wakacheka, wakidhani utani. Kumbe barua zilifika stoo zote, zina utepe mwekundu wa kuonya kwamba zimetoka nje, na jina la ukoo wa mumewe, ambalo mimi nalisikia tu, silijui kwa macho. Tulikuwa tumefundishwa: usiyemjua, bonyeza pa kuripoti. Kila moja niliibonyeza bila kuifungua, ikatoweka. Mwezi uliopita walinipigia makofi kwa kuripoti kuliko wote, dereva akanibatiza Askari.

"Nimruhusu?" fundi akauliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Barua zikajaa ukutani. Mimi nasoma kwa kuunganisha silabi. Nilikuwa bado kwenye ile ya kwanza, anaponiomba msamaha kwa maneno ya siku ile, wenzangu wakawa wamemaliza ya mwisho na kuinamisha vichwa. Hata dereva, mtu wa masihara, alitazama viatu vyake. Walinisubiri nifike. "Baba, kama hutaki hata kunijibu, sitakusumbua tena."

Meneja akasema kikao kimekwisha.

Fundi alinifuata stoo akanionyesha pa kujibia. Nikaandika kwa kidole kimoja, yeye amesimama nyuma ya kiti changu. Niliandika kwamba wakubwa wa huku wameweka mtambo, na huo mtambo ndio uliomzuia. Aliona. Akageuzia macho kwenye makopo ya rangi. Nikatuma.

Jibu lilikuja kabla fundi hajaondoka. "Pole baba. Nilijua tu si wewe. Nimekulaumu bure miezi yote hii."

Nikamwambia fundi kwamba wakubwa wangetufundisha vizuri, haya yote yasingetokea. Akasema, "Ndiyo, mzee," akatoka, akaurudishia mlango taratibu kama anayetoka chumba cha mgonjwa.