Jino Lililokataa Kushuka

Daktari Evarista hakuwa mtu wa kubembeleza wagonjwa, na watu wa Dodoma walimsamehe kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Ulimi ndio uliokuwa mzito.

Yudith, binti wa kidato cha tatu, aliletwa kutoka Mvumi na mama yake, Angelina. Jino lake la chonge lilikuwa limeota juu kabisa ya ufizi, nje ya mstari wa wenzake, na shuleni walimwita Ngiri. Daktari alimfunga nyaya, akabandika kitufe kwenye chonge, akamwonyesha jinsi ya kunasa kimpira kutoka kwenye kitufe hadi kwenye meno ya jirani.

"Usiku na mchana. Ukitoe ukila tu. Kitalivuta polepole mpaka lishuke."

Miezi ikapita, jino likabaki palepale kama kigingi. Evarista alikwishaona watoto wengi wanaotupa vimpira chooni, basi akaona hana haja ya kuuliza. Siku waliporudi kliniki mlango ulikuwa wazi, benchi la nje limejaa watu.

"Mama Yudith, mwanao havai. Anatudanganya."

"Navaa, daktari. Haki ya Mungu, navaa."

"Usimtaje Mungu kwa ajili ya mpira."

Benchi likacheka. Angelina, aliyekuwa amemletea daktari zabibu, alimwambia bintiye neno moja kali la Kigogo, na Yudith akalia mpaka wanatoka.

Baada ya miezi mingine wakarudi. Yudith alipofungua kinywa, Evarista aliivuta taa karibu. Chonge lilikuwa palepale, ila meno mawili ya jirani yalikuwa yamepanda juu na kuliegemea. Alipomwambia aume, upande ule meno ya juu na ya chini hayakukutana, na ulimi ulionekana katikati.

Mpira una ncha mbili, na huvuta kote kuwili. Jino likigoma, wenzake ndio huenda kulifuata. Evarista akachukua mpini wa kioo chake cha kukagulia meno akagonga jino la jirani: sauti butu. Akagonga chonge: sauti kali, kama ya kikombe cha kaure. Lilikuwa limeshikana na mfupa. Hata trekta lisingelishusha. Kipimo hicho alifundishwa chuoni, ni cha kufumba na kufumbua, na siku ile hakukifanya kwa sababu alikuwa amekwisha kumpata mwongo wake. Na meno yale yasingepanda kama mpira usingevaliwa. Kinywa kizima kilikuwa kinamtolea Yudith ushahidi.

Lakini yalikuwa yamepanda mno.

"Yudith, ulikuwa unavaa kimpira kimoja?"

Binti akamtazama mama yake kwanza. "Viwili, daktari. Tangu siku ile. Siku nyingine vitatu. Nilitaka lishuke, mjue sisemi uongo."

Angelina akaruka kitini. "Mtoto huyu! Daktari, nisamehe sana, amekuharibia kazi yako."

Hapo ndipo Evarista alipoiona njia ya kutokea, pana na laini. Angetikisa kichwa tu, na lawama yote ingebaki kwa mtoto. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, zaidi kwa sababu kwa kitambo kidogo aliitamani njia hiyo.

Akavua glavu. Akaenda akaufungua mlango hadi mwisho, watu wa benchi wakainua vichwa.

"Mama Yudith, mwanao alikuwa anavaa tangu mwanzo. Mwenye kosa ni mimi. Sikulipima jino, nikamwita mwongo, na kwa maneno yangu ameumia. Hayo meno nitayarudisha mimi. Yudith, nisamehe."

Angelina alishika mdomo. Mkono wake mwingine ulimtafuta bintiye begani, ukasita, haukutua.

Yudith alichungulia nje, akawatazama wale watu mmoja mmoja, kisha akaufunika mdomo wake kwa kiganja kama alivyozoea.

"Asante, daktari," alisema taratibu. "Ila hawa sio wale wa siku ile."