Sifa za Mlango wa Nyuma

Kwa miaka thelathini na zaidi, Darlene Kuchta aliwasimulia wanafunzi wake wa gitaa siku aliyokutana na Rex Haldane, mpiga gitaa maarufu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, ana vyuma vya kunyoosha meno, amesimama na dada yake Nadine kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi wa dansi kule Balboa, pwani. Vijana wanaoteleza mawimbini kwa ubao walikuwa wakiingia na mchanga miguuni. Rex akatoka kuvuta sigara, akamwuliza anataka nini.

"Na mimi napiga," Darlene akasema.

Rex akamwekea gitaa lake mikononi. Darlene akapiga kibao cha Rex mwenyewe, kile alichojifunza kwa santuri chumbani kwake, nyuzi zikitetemeka kama maji yanayovunjika ufukweni.

"Binti," Rex akamwambia, "huo mkono wako wa kulia usiuache ulale."

Hakuuacha. Aliacha kazi ya benki kwa ajili ya maneno hayo, akafungua chumba cha kufundishia gitaa huko Costa Mesa.

Sasa Rex alikuwa amerudi, mzee, shati la maua, akipiga mchana ufukweni Huntington. Darlene na Nadine walikaa safu ya mbele. Katikati ya onyesho Rex akashika kipaza sauti.

"Zamani, Balboa, alikuja msichana mmoja, mdomo umejaa vyuma. Nikampa gitaa. Jamani, ilikuwa kama paka kanaswa kwenye wavu. Wenzangu wako nyuma ya mlango wanajiziba midomo. Nikamwambia ana mkono wa ajabu, ili aondoke."

Watu wakacheka. Nadine hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Onyesho lilipokwisha Darlene alimfuata Rex penye meza ya santuri. "Yule msichana ni mimi," akasema. "Nilipiga vibaya kweli?"

Rex alimtazama kwa upole, kama mtu aliyeombwa saini. "Mama, sikumbuki. Kisa hicho nakisimulia kila mahali. Watu wanakipenda."

Kwenye gari Darlene hakuwasha injini.

"Ulijua," akasema.

"Niliwasikia wakicheka," Nadine akajibu. "Nilikuwa karibu na mlango."

"Na miaka yote hii?"

"Ulitoka pale unang'aa, Darlene. Ningekwambiaje? Halafu ukaacha benki, halafu ukapata wanafunzi. Kila mwaka ilizidi kuwa vigumu kusema."

"Kwa hiyo ukawa unanisikiliza nikisimulia. Mezani kwa mama. Kwenye harusi ya mwanao."

Darlene akawasha injini, akampeleka Nadine mpaka kwake, akasimama bila kuzima gari, akamngoja ashuke. Nadine alisimama kando ya barabara akiwa ameshika mkoba, akataka kusema neno dirishani, lakini kioo kilikuwa kimeshapandishwa.

Siku ya Shukrani, sikukuu ya familia kula pamoja, ilipofika Nadine alipiga simu kumwalika aje wale bata mzinga pamoja. Darlene alisema ana wanafunzi. Hakuwa nao.