Msiba wa Mtu Anayepumua

Nilialikwa msibani kwa mtu anayepumua, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Simu ilinikuta Keko, bandani ninaposhona vitambaa vya makochi. Aliyepiga ni Adelina, jirani yangu wa Tabata, mke wa Polikarpo Haule. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Yuliana, Shirika limetangaza ibada ya kumuaga Polikarpo na wenzake. Kesho mchana, kulekule kituoni Goba. Wamesema na watani waje."

"Kumuaga? Amekufa lini?"

"Hajafa," akasema. "Ndiyo maana nakupigia wewe."

Polikarpo alikuwa angani. Huyo huyo Polikarpo aliyeanzia useremala hapa Keko, akipiga randa vitanda kando ya barabara, halafu akasomea mitambo mpaka akawa fundi wa Subira, chombo kilichotumwa kuchota barafu kwenye nyotamkia. Walikwenda wanne. Safari ya kurudi jokofu la kuhifadhia barafu likafa. Polikarpo akaomba ruhusa waitupe nje, maana hakuna aliyejua imebeba nini. Shirika lililowatuma likamjibu kwamba barafu ile ina thamani kuliko chombo chenyewe, waihamishie ndani, kwenye chumba wanamolala. Adelina aliyasikia hayo kwa masikio yake siku ya zamu yake ya kuongea na mumewe. Barafu ikayeyuka, na ndani yake kulikuwa na kirusi.

Ilianza kama mwasho. Kucha zikanenepa. Madaktari wa huku chini wakawaelekeza dawa, kirusi kikajigeuza. Wakabadili dawa, nacho kikajigeuza tena, na kila kilipojigeuza kiliwageuza na wao. Nahodha Ingrid akaota magamba na meno ya mamba. Daktari Kenji akapata taya za fisi. Marisol, aliyekuwa akipima nyota, akawa na shingo na pembe za nyati. Polikarpo akawa kitu kama chui, ila mkubwa kuliko chui yeyote, na mkia juu. Wakaanza kushambuliana humo ndani. Kenji alimrarua Marisol ubavu. Sitawatetea kwa uongo: walikuwa wa hatari kabisa, na mtu ambaye angewafungulia mlango mikono mitupu angeliwa.

Lakini jengo la karantini lilikuwepo. Lilijengwa Goba, juu ya kilima, kuta za chuma na milango miwili miwili, kwa ajili ya siku kama hiyo hasa. Chombo kilikuwa kimeshafika, kinazunguka juu ya vichwa vyetu, kinasubiri kushushwa. Na Shirika likasema nini? Likasema karantini ilijengwa kwa ajili ya watu, na waliomo chomboni si watu tena. Kwa hiyo hewa itazimwa, halafu chombo kitaachwa kiungue kikianguka baharini. Maneno haya waliyatoa watu waliovaa suti, kwenye televisheni, bila kukohoa.

Sasa kuhusu watani. Mimi ni Mhehe, Polikarpo ni Mngoni. Babu zetu walipigana vita vibaya, na walipochoka kuuana wakatuachia utani. Kwa miaka yote niliyokaa Tabata sijawahi kupita mlangoni kwake bila kutukanwa. Alikuwa akiniona tu anawapigia mbwa kelele wakimbie, mla mbwa amefika. Nami nilikuwa namuuliza kama babu yake ameshaacha kukimbia au bado yuko njiani. Anayekasirika ameshindwa. Na siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi kubwa. Anamtukana marehemu mbele ya wafiwa ili wacheke, anavaa nguo zake, na akitaka anashuka kaburini analala humo, mazishi yasimame mpaka apewe chake.

Mkurugenzi wa Shirika, Bwana Ferdinand, ni mtu wa Songea naye. Alijua kwamba msiba wa Mngoni usio na watani watu husema haukuwa msiba. Alitutaka ili picha ikamilike kwenye televisheni, nchi nzima ione kwamba hawa wamezikwa kwa haki zote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Ukimwalika mtani, hujamwalika mtazamaji.

Tulifika Goba mchana, jua kali. Ukumbi ulipambwa maua, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, kwaya imejipanga. Mbele zilisimamishwa picha kubwa za wale wanne wakiwa bado na sura zao, Polikarpo akicheka kama anayejiandaa kukusema. Nyuma ya picha kulikuwa na kioo kikubwa cha ukutani cha kuonyesha picha za kutoka chomboni, kimefunikwa kwa pazia. Na pembeni, meza ya mitambo. Juu ya meza hiyo, chini ya kifuniko cha plastiki kilichofungwa kwa ufunguo, kulikuwa na swichi nyekundu ya kuzima hewa. Mhandisi kijana aitwaye Muntasir alikaa hapo, ufunguo ukining'inia shingoni. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo mama," alimwambia Adelina, macho yakiwa chini.

"Marahaba mwanangu," Adelina akamjibu. Alikuwa amejifunga kanga nyeusi kichwani. Nilitamani angemzaba kibao, lakini Adelina si mimi.

Bwana Ferdinand akashika kipaza sauti. Akasema ndugu zetu walishatutoka siku nyingi. Akasema kilichobaki kule juu ni miili iliyotwaliwa na wanyama, na kuizimia hewa ni tendo la huruma. Huruma! Alilitamka neno hilo mara kadhaa. Halafu akanikaribisha mimi, mtani, niseme maneno machache.

"Maneno nitasema," nikamjibu, "ila mtani lazima amwone maiti kwanza. Ondoa pazia."

Akasitasita. Kamera zilikuwa zinamwangalia, na wazee wa Kingoni waliokaa mbele wakaanza kunung'unika kwamba nimedai haki. Akaashiria pazia livutwe.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Mamba alikuwa amelala kwenye kona. Fisi alikuwa akizunguka, udenda unamtoka. Nyati ameegemea ukuta, ubavu wazi. Na yule chui alikuwa akiurukia mlango wa chuma kwa mabega yake, anaanguka, anaurukia tena, kinywa kimejaa povu. Adelina alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Nilimshika mkono.

"Wanatusikia?" nikamuuliza Muntasir.

"Ukibonyeza hapo wanasikia," akasema.

Nikabonyeza.

"Polikarpo Haule! Ndio nini hiyo? Mngoni mzima unapigana na mlango, na mlango unakushinda?"

Chui akaurukia tena mlango.

"Nakuuliza wewe! Maisha yako yote umenisema mie mla mbwa. Haya, leo nani ameota mkia? Nimekuja na sufuria. Chumvi ninayo, ndimu ninayo. Shuka nikupike, mwoga wewe, au unakimbia kama babu yako?"

Chui akasimama. Masikio yakageuka, kwanza moja, halafu la pili. Akageuka mwili mzima taratibu, akaja mpaka mbele ya kamera, uso ukajaza kioo chote. Watu wa viti vya mbele wakarudi nyuma. Akatuangalia. Halafu akatupa mgongo, akauinua mkia wake juu kabisa, akatuonyesha kalio, akalipiga kofi kwa mkono wake wenye kucha. Mara mbili, kwa maringo, kama mwanamke wa uswahilini anayemaliza ugomvi.

Wazee wa Kingoni waliangua kicheko mpaka kofia zikaanguka. Kwaya ilicheka. Adelina alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akipiga kelele, "Ndiye! Ndiye huyo! Mume wangu huyo!"

"Jamani, tulieni," Bwana Ferdinand akasema. "Hata nyani wa Mikumi wanafanya hivyo. Funga pazia. Muntasir, endelea na ratiba."

Ratiba! Mtu amejibu matusi yeye mwenyewe, mbele ya nchi nzima, na huyu anazungumza habari za ratiba. Hapo ndipo akili ilinitoka, au labda ndipo iliponirudia. Nilivua viatu, nikapanda juu ya ile meza ya mitambo, nikalala chali, mgongo wangu ukakaa sawasawa juu ya kile kifuniko cha swichi.

"Nimeingia kaburini," nikatangaza. "Zikeni tuone."

Bwana Ferdinand akamwita mlinzi aliyekuwa mlangoni. "Mfaume, mtoe huyu mama."

Mfaume alikuja mpaka mezani, akaniangalia, akaweka mikono nyuma.

"Bosi, utanisamehe. Mie Myao. Kwetu mtani akishalala kaburini sie hatumtoagi. Anatoka mwenyewe akipewa haki yake."

"Basi apewe!" Bwana Ferdinand akachomoa pochi, akaniwekea noti kifuani bila hata kuziangalia. Nilizipulizia zikaanguka sakafuni.

"Sitaki hela yako. Washushe, uwaweke karantini, utafute dawa. Kirusi kikijigeuza, na nyie geuzeni dawa. Ndiyo kazi mliyojipa."

Aliinama karibu na sikio langu, mbali na kipaza sauti. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Sikiliza, dada. Huyo mmoja nakubali, ameonyesha dalili. Tutamtenga kwenye chumba chake, hewa yake tutaiacha. Wale watatu haiwezekani, hawana dalili yoyote. Umeshinda, umempata mtu wako. Shuka."

Polikarpo hakuwa mume wangu. Niligeuza shingo nikamwangalia Adelina, naye alikuwa ameyasikia yote, kwa sababu alisimama palepale. Mkono ulikuwa mdomoni. Niliona anavyotaka kusema ndiyo. Nani asingetaka? Miezi yote ile ameshinda akiangalia juu, analala na simu kifuani, na sasa mtu anamwambia mumewe amepona kuuawa, kinachotakiwa ni jirani yake kushuka mezani.

"Usishuke," akasema. Sauti ilimkatika, akaanza upya. "Usishuke, Yuliana. Polikarpo akifika chini cha kwanza ataniuliza wenzangu wako wapi. Mie nitamjibu nini?"

"Lakini hawana watani!" Bwana Ferdinand akasema kwa ukali. "Nani atawasemesha?"

"Kuanzia leo wanao," nikamwambia. Wote wale walikuwa wamefundishwa hapa Goba kwa miaka, Kiswahili wanakielewa, na mtu aliyekaa na Polikarpo mwezi mmoja tu lazima awe ameshatukanwa vya kutosha. Nikanyoosha mkono nikabonyeza tena, nikiwa nimelala vilevile.

"Nahodha Ingrid! Umekwenda mpaka kwenye nyotamkia ukarudi, kuegesha Dar tu ndio kumekushinda?"

Yule mamba hakusogea. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha mkono wake mmoja wa magamba ukapanda pole pole, ukafunika macho, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, au analia, sijui. Mnyama hafuniki macho.

"Na wewe Kenji! Daktari gani wewe unayeng'ata wagonjwa?"

Nilipolisema hili watu walicheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Fisi alikuwa ameacha kuzunguka. Alisimama kama aliyepigwa. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa sakafu, akatambaa kwa tumbo kuelekea kwa yule nyati. Marisol alimwona anakuja, akainua pembe. Kenji hakurudi nyuma. Alifika, akaweka kiganja chake juu ya jeraha alilolitia mwenyewe, akalikandamiza kama daktari anavyozuia damu. Marisol akatetemeka mwili mzima, halafu akashusha pembe, akamwachia.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kiti kikisukumwa. Muntasir alikuwa amesimama, ameutoa ufunguo shingoni, anaukabidhi mikononi mwa Adelina kwa mikono miwili.

"Mie nilisomea kurusha watu, mama," akasema. "Sikusomea hii ishu."

Bwana Ferdinand alibaki anatazama kamera, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepotea kwenye mtaa wake mwenyewe. "Lakini tuko hewani," akanong'ona. "Tangazo litasemaje? Nimeshawaambia watu kuna msiba."

Adelina alikichukua kipaza sauti mkononi mwake. Akaifungua ile kanga nyeusi kichwani, akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha Mkurugenzi.

"Mliotoka mbali mtusamehe kwa usumbufu," akasema. "Rudini nyumbani. Hapa hakuna maiti. Kuna wagonjwa wanne, wanasubiri kufunguliwa mlango."